Kusimba faili au kulitia alama: ulinganisho kwa anayeuza kazi zake mtandaoni

Anayeuza kitabu cha PDF kwa shilingi elfu kumi huanza kuulizia habari za ulinzi siku anapokikuta kitabu chake kikigawiwa bure kwenye kundi la Telegram. Akiuliza wenzake atapata majibu ya aina mbili. Mmoja atamwambia alisimbe faili, yaani alifunge kwa nywila, mwingine atamwambia atie alama ya maji, yaani alama ndani ya faili inayoonyesha ni la nani au aliuziwa nani. Wote wawili watazungumza kama vile wanatibu ugonjwa mmoja, naye atachukua dawa iliyo rahisi. Miezi michache baadaye kitabu kipo tena Telegram, safari hii na nywila yake imeandikwa chini ya faili.

Ulinganisho huu ni kwa ajili ya mtu huyo, pamoja na mpiga picha, prodyuza, mwalimu anayeuza masomo ya video na yeyote mwenye bidhaa inayonakilika kwa kubonyeza mara moja. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: usimbaji humzuia asiyelipa, alama humfuatilia aliyelipa, na wauzaji wadogo wengi wanajikinga na wa kwanza ilhali anayewaumiza ni wa pili.

Usimbaji na mahali unapoishia

Kusimba ni kulichukua faili, kulipitisha kwenye hesabu pamoja na ufunguo, na kupata mchanganyiko ambao asiye na ufunguo hawezi kuusoma. Hesabu inayotumika zaidi leo ni AES, iliyoundwa na Wabelgiji wawili, Joan Daemen na Vincent Rijmen, na kufanywa kiwango rasmi cha Marekani mwaka 2001. Ndiyo inayofanya kazi unapoweka nywila kwenye faili la 7-Zip, na ndiyo hiyo hiyo iliyomo kwenye simu yako na kwenye tovuti ya benki. Ikitumiwa sawasawa kwa ufunguo wa biti 256, hakuna njia inayojulikana ya kuivunja kwa kompyuta tulizo nazo. Wezi hupitia pembeni: wanakisia nywila dhaifu, wanaiba ufunguo, au wanamsubiri mwenye ufunguo afungue mwenyewe.

Biashara ya mtandaoni ilidai jambo jingine zaidi. Muuzaji wa Arusha na mnunuzi wa Muscat hawajawahi kuonana. Watapeana vipi ufunguo wa siri kwenye njia ambayo mtu wa tatu anaweza kusikiliza? Jibu lilipatikana mwaka 1976, Whitfield Diffie na Martin Hellman walipoonyesha kwamba watu wawili wanaweza kukubaliana siri hadharani. Mwaka uliofuata Ron Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman wakabuni RSA, mfumo wenye funguo mbili, mmoja wa wazi na mmoja wa siri. Kulipa kwa kadi kwenye tovuti kumejengwa juu ya mawazo hayo. Kwa muuzaji wa leo sehemu hii haina gharama: cheti cha kuifanya tovuti yako ianze na https, yaani isimbe mawasiliano yake na mteja, hutolewa bure na Let's Encrypt tangu mwishoni mwa 2015. Duka linalopokea majina na namba za watu bila https halina udhuru.

Hadi hapo usimbaji hauna mpinzani. Alama ya maji haifichi kitu. Haiwezi kulinda namba ya kadi, anwani ya mteja wala mazungumzo ya bei. Ukiona mtu anakuuzia mfumo wa alama kwa maelezo kwamba utalinda taarifa za wateja wako, mwombe arudie taratibu.

Tatizo linaanza bidhaa inapofika. Mteja lazima aifungue ili aitumie, na ikishafunguka imekuwa faili kama mafaili mengine. Atapiga picha ya skrini, atachapa, atamtumia shemeji yake. Hapo ndipo kampuni kubwa zilipokuja na DRM, yaani ulinzi unaobaki kwenye faili hata baada ya kuuzwa, unaofunguliwa na programu maalumu kwa masharti ya muuzaji. Ugumu wake hauondoki kwa kuongeza fedha: ufunguo lazima ufichwe ndani ya mashine ya mtu yule yule unayemzuia. DVD zilifungwa kwa mfumo wa CSS wenye ufunguo wa biti 40, na mwaka 1999 ikasambaa programu iitwayo DeCSS iliyoufungua. Kijana wa Norway aliyehusika nayo, Jon Lech Johansen, alishtakiwa, na mwaka 2003 mahakama ikamwachia huru.

Wakati huo huo anayelipa kwa uaminifu ndiye anayepata shida. Mwaka 2005 iligundulika kwamba baadhi ya CD za Sony BMG zilipachika kwenye kompyuta za wateja programu iliyojificha ndani ya Windows, na maficho hayo yakawa njia ya virusi. CD zikaondolewa sokoni. Mwaka 2019 Microsoft ilifunga duka lake la vitabu, na kwa kuwa vitabu vilitegemea seva za duka ili vifunguke, vikazimika vyote mwezi Julai. Wateja walirudishiwa fedha zao, ndiyo, lakini vitabu walivyovinunua havikuwapo tena. Aliyekuwa na nakala ya wizi aliendelea kusoma. Kwa sababu hiyo simshauri mwandishi mmoja mmoja aguse DRM, hata akipewa kwa bei ya kutupwa.

Alama, inayoonekana na isiyoonekana

Kwenye karatasi alama ya maji ni jambo la karne ya 13, kutoka viwanda vya Fabriano, Italia. Kwenye faili ziko za aina mbili. Inayoonekana ni lile jina la studio lililokatiza katikati ya picha, au namba iliyochapwa chini ya kila ukurasa wa kitabu. Kwenye muziki ni sauti inayolitaja jina la prodyuza mwanzoni mwa mdundo. Kwenye Bongo Fleva imeshageuka tangazo ambalo mashabiki wanalisubiri, na bado inafanya kazi yake ya ulinzi.

Isiyoonekana hutiwa ndani ya picha au sauti yenyewe kwa kubadilisha kidogo mno thamani za pikseli, zile nukta za rangi zinazounda picha, jicho lisitambue. Njia ya wanaoanza ni kubadilisha biti ya mwisho ya kila pikseli. Inavutia kwenye kompyuta ya aliyeitengeneza. Itume picha hiyo WhatsApp mara moja tu: itabanwa upya kwa JPEG, na biti hizo za mwisho ndizo za kwanza kutupwa. Pamoja nazo zitaondoka taarifa za EXIF, yaani maelezo yanayoambatana na faili la picha, ulikoandika jina lako na namba yako. Kwa kuwa picha nyingi za kwetu husafiri kwa WhatsApp, programu yoyote ya alama ningeipima hivyo kabla ya kuilipia: tia alama, tuma kama picha ya kawaida kwenda simu nyingine, irudishe, kisha uone kama bado inasomeka. Ukiituma kama hati utapata matokeo mazuri yasiyo na maana, kwa sababu wanaosambaza hawatumi hivyo.

Njia iliyokomaa ilielezwa mwaka 1997 na Ingemar Cox, Joe Kilian, Tom Leighton na Talal Shamoon. Badala ya kuificha alama kwenye sehemu zisizotazamwa, walishauri itawanywe kidogo kidogo kwenye zile sehemu ambazo jicho linazitegemea kuitambua picha. Anayetaka kuiondoa inabidi aiharibu picha anayoitaka. Wazo hilo limebaki kuwa msingi wa mifumo mingi iliyofuata, lakini lina masharti matatu yanayovutana: alama isionekane, iwe imara, na ibebe taarifa nyingi. Ukizidisha moja, nyingine inapungua. Ndiyo maana alama imara kwa kawaida hubeba namba fupi tu, na hiyo inatosha kabisa, kama tutakavyoona kwenye suala la siri ya mnunuzi.

Na huvunjika. Mwaka huo huo wa 1997 Fabien Petitcolas wa Cambridge alitoa chombo kiitwacho StirMark, kinachoipinda picha kiasi kidogo sana, kama vile imechapwa na kuskaniwa tena. Mtazamaji haoni tofauti. Alama nyingi za wakati ule zilipotea. Upande wa muziki, mwaka 2000 SDMI, muungano wa kampuni za muziki na teknolojia, uliwaalika watu wajaribu kuzivunja alama zake kwa zawadi ya hadi dola 10,000. Timu ya Edward Felten wa Princeton ikasema imezishinda zote nne. Ilitishiwa hatua za kisheria kabla ya kuwasilisha matokeo, ikayawasilisha Agosti 2001.

Tofauti ninayotaka msomaji aishike ni namna kila kimoja kinavyoshindwa. Usimbaji ni ama umesimama ama umeanguka: mwenye ufunguo anaona kila kitu, asiye nao haoni hata herufi. Alama huchakaa. Mtu akikata kingo, akizungusha kidogo, akipaka rangi za Instagram, uwezekano wa kuisoma unashuka hatua kwa hatua, na huenda bado ukabaki wa kutosha. Tena wanunuzi wawili wakizilinganisha nakala zao, zile sehemu zinazotofautiana zitawaonyesha alama ilipo. Wanahisabati wamelishughulikia hilo, Dan Boneh na James Shaw mwaka 1995, kisha Gábor Tardos mwaka 2003, kwa kuzipanga namba ili hata nakala iliyochanganywa imwelekee angalau mmoja wa waliochanganya. Anayeuza kitabu cha ujasiriamali hahitaji kupoteza usingizi kwa hilo.

Alama imepatikana. Sasa inathibitisha nini?

Hapa wengi hujikwaa, nami nitakaa kidogo.

Mwaka 2004 filamu zilizotumwa kwa wapiga kura wa tuzo za Oscar zilionekana mtandaoni. Kila kanda ilikuwa na alama yake, na alama ikaelekeza kwa mwigizaji Carmine Caridi, mwanachama wa akademia inayotoa tuzo hizo. Alifukuzwa uanachama. Ila aliyesambaza hakuwa yeye. Kanda alikuwa akimtumia mtu mmoja huko Illinois. Alama ilisema ukweli wote iliokuwa nao: nakala hii ilitoka kwa nani. Haikusema nani aliivujisha. Kwenye biashara yako ni hivyo hivyo. Simu ya mteja imepotea, kompyuta imekwenda kwa fundi, mtoto amechukua faili akawarushia wenzake wa darasa. Ukimkabili mteja kwa matusi kwenye kundi la watu mia mbili kwa sababu tu namba yake imeonekana, wewe ndiye utakayetafuta wakili.

La pili linawashangaza hata mafundi. Scott Craver na wenzake walionyesha mwaka 1998 kwamba alama isiyoonekana, peke yake, haithibitishi hata umiliki. Wewe umetia alama yako na kutoa picha. Mjanja anaichukua picha hiyo, anatengeneza alama yake mwenyewe, anaitoa kutoka kwenye picha yako kwa hesabu ya kutoa, na anachopata anakiita picha yake ya asili. Sasa kila mmoja wenu ana kitu anachokiita asili, na kila mmoja akipima anaikuta alama yake ndani ya kazi ya mwenzake. Hakimu ataamuaje?

Ataamua kwa tarehe, na tarehe inatoka upande wa kriptografia, yaani elimu ya usimbaji. Unapitisha faili lako la asili kwenye hesabu ya hashi, kama SHA-256, unapata mfuatano wa herufi na tarakimu 64. Badilisha nukta moja kwenye faili na mfuatano wote unabadilika; kutoka kwenye mfuatano huwezi kurudi kwenye faili. Huo mfuatano ndio unaogongewa muhuri wa tarehe. Stuart Haber na W. Scott Stornetta walieleza jinsi ya kufanya hivyo mwaka 1991, na leo huduma ya OpenTimestamps hukufanyia bure kwa kutumia mnyororo wa Bitcoin, daftari la wazi ambalo kilichoandikwa humo ni vigumu mno kukibadilisha. Faili lenyewe haliondoki kwako, kwa hiyo hakuna anayeiona kazi kabla hujaitoa. Fanya hivyo siku unayomaliza kazi, kabla ya mtu yeyote kuipata.

Hakimiliki yenyewe huzaliwa kazi inapoumbwa; Kenya imo kwenye Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, tangu 1993 na Tanzania tangu 1994, na mkataba huo hauweki usajili kuwa sharti. Hata hivyo cheti cha COSOTA, COSOZA au KECOBO, taasisi za hakimiliki za Tanzania Bara, Zanzibar na Kenya, husaidia sana mbele ya watu wasioelewa hashi ni mnyama gani, na watu hao ni wengi, wakiwamo watakaolipokea shauri lako. Mkataba wa 1996 wa WIPO, shirika la Umoja wa Mataifa la haki miliki, uliviingiza vyote viwili katika ulinzi, kufuli na alama: kuvunja ulinzi wa kiteknolojia ni kosa, na kufuta taarifa za mwenye haki nako ni kosa. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 imeyataja yote mawili.

Kuna juhudi mpya ya kuunganisha pande hizi. Februari 2021 Adobe, Arm, BBC, Intel, Microsoft na Truepic walianzisha C2PA, kiwango kinachoambatisha kwenye picha sahihi ya kidijitali inayoeleza imetoka wapi na imehaririwa vipi. Sahihi ni kriptografia safi, haighushiwi kwa urahisi. Udhaifu wake ni kwamba inakaa kwenye metadata, yaani maelezo yanayoambatana na faili kama yale ya EXIF, na tumeshaona WhatsApp inafanya nini na metadata. Kwa hiyo wanaoitumia wameanza kutia na alama isiyoonekana ndani ya picha, ili sahihi ikipotea alama iweze kuelekeza ilikohifadhiwa. Hapo nadhani ndipo mambo yanapoelekea, hasa sasa picha za akili bandia zikiwa kila mahali. Google nayo ilitangaza alama yake ya SynthID kwa picha hizo Agosti 2023.

Siri ya mnunuzi

Mauzo ya vitabu kwa WhatsApp yameleta mtindo mmoja: muuzaji anachapa kwenye kila ukurasa jina kamili la mteja na namba yake ya simu, kwa herufi za kijivu. Inatisha, na kweli inapunguza usambazaji. Lakini fikiria siku kitabu kinapovuja. Namba ya mteja wako sasa iko mikononi mwa maelfu ya watu asiowajua, na aliyeiweka hapo ni wewe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inahesabu jina na namba kuwa taarifa binafsi, na ile ya Kenya ya 2019 inafanya vivyo hivyo. Hata wakubwa wamelalamikiwa kwa hili: mwaka 2007 Apple ilipoanza kuuza nyimbo za kampuni ya muziki ya EMI bila DRM, watu waligundua kwamba kila faili lilikuwa na jina na barua pepe ya mnunuzi, bila kusimbwa.

Alama ina kishawishi cha upelelezi ambacho kufuli halina. Mwaka 2005 EFF, shirika la Marekani linalotetea haki za watu mtandaoni, lilifichua maana ya nukta ndogo za njano zilizochapwa kwenye kila karatasi na aina fulani ya printa za Xerox: zilikuwa namba ya mashine pamoja na tarehe na saa. Wenye printa hawakuambiwa. Tofauti kati ya hapo na kitabu chenye alama ni kumwambia mteja kabla hajalipa, kwa sentensi moja iliyo wazi. Mara nyingi sentensi hiyo peke yake hufanya nusu ya kazi ya ulinzi.

Suluhisho kwa muuzaji mdogo ni jepesi. Usitie jina, tia namba isiyo na maana, kwa mfano K7Q-2291, inayozalishwa bila mpangilio. Jedwali linalosema namba hiyo ni ya nani libaki kwako, limesimbwa, na nakala yake ya akiba nayo imesimbwa. Kitabu kikivuja, dunia itaona namba tupu. Wewe utamwona mteja. Hapa vitu viwili tunavyolinganisha vinafanya kazi pamoja, na gharama yake ni faili moja la 7-Zip lenye nywila ndefu. Jedwali hilo lifutwe pia ukifika muda uliomwambia mteja.

Kuna tatizo la ndani zaidi ambalo wauzaji hawapendi kulisikia. Wewe uliyetia alama ya mteja una nakala ile ile. Ukiamua kumkomoa, unaweza kuivujisha mwenyewe kisha ukamnyooshea kidole. Naye aliyevujisha kweli anaweza kujitetea kwamba ni wewe. Birgit Pfitzmann na Matthias Schunter walilitolea jawabu mwaka 1996, na mwaka 2001 Nasir Memon na Ping Wah Wong wakapendekeza utaratibu unaojulikana zaidi. Mnunuzi anapata alama yake kwa mtu wa tatu anayeaminika, ikiwa imesimbwa kwa ufunguo wa mnunuzi. Muuzaji anaitia alama hiyo kwenye bidhaa bila kuifungua, kwa aina ya usimbaji inayoruhusu hesabu kufanyika juu ya kitu kilichofungwa. Mnunuzi peke yake ndiye anayefungua, kwa hiyo nakala yenye alama ile muuzaji hajawahi kuiona. Ikikutwa mtaani, imetoka kwa mnunuzi. Ni hesabu nzuri sana, nzito kwa mashine, na sijaona duka dogo linaloihitaji. Anayejenga soko la mtandaoni la wauzaji wengi na wanunuzi wengi ndiye aisome. Akikaa katikati yao, yeye ndiye mtu wa tatu.

Kwa bidhaa uliyonayo

Vitabu: tia namba ya mteja kwenye kurasa kadhaa, si ukurasa wa kwanza peke yake maana huo hung'olewa. Achana na ile nywila ya PDF inayozuia kuchapa na kunakili lakini inaruhusu kufungua. Hiyo ni ombi tu kwa programu ya kusomea, na ziko nyingi zisizolisikiliza. Duka la Pottermore la J.K. Rowling lilipofunguliwa Machi 2012 liliuza vitabu vya kielektroniki kwa alama za wanunuzi badala ya DRM, na huyo si mwandishi asiyekuwa na uwezo wa kulipia DRM. Faili litoke kwa linki inayokufa baada ya siku moja, kupitia https. Kumbuka tu kwamba maandishi ni kitu kigumu kukitia alama isiyoonekana: mtu akiyanakili yote na kuyabandika kwenye faili jipya, alama imebaki nyuma.

Picha: weka hadharani nakala ndogo yenye alama inayoonekana, ile kubwa itoke baada ya malipo. Usigonge jina lile lile, mahali pale pale, kwa ukubwa ule ule kwenye picha zako zote. Watafiti wa Google, wakiongozwa na Tali Dekel, walionyesha mwaka 2017 kwamba alama inayorudiwa bila mabadiliko kwenye picha nyingi inaweza kukadiriwa na kufutwa na kompyuta yenyewe. Kuipinda pinda kidogo, tofauti kwa kila picha, kuliwasumbua zaidi kuliko kuihamisha. Picha za harusi ni habari nyingine. Hapo hofu ni faragha ya maharusi kuliko hakimiliki yako, kwa hiyo albamu ikae kwenye hifadhi iliyosimbwa, na alama ni hiari.

Midundo: sauti ya jina lako kwenye nakala ya kusikiliza, na faili safi lisimbwe hadi fedha iingie. Gonga hashi na tarehe ya mradi mzima, kila ala na njia yake, si ya wimbo uliochanganywa peke yake. Anayegombea mdundo huo itamwia vigumu kuonyesha ngoma na besi zikiwa zimetengana kama ulivyozitengeneza.

Video za masomo ndizo zinazoshawishi watu kulipia ulinzi mkubwa, kama ule wa Widevine wa Google unaoifanya picha ya skrini itoke nyeusi kwenye simu. Unazuia hilo, lakini hauizuii simu ya pili iliyoelekezwa kwenye kioo. Namba ya mwanafunzi inayotokea na kuhama mahali kwenye video kila baada ya muda inarekodiwa na simu hiyo ya pili pia, na bei yake ni ndogo zaidi. Kwa darasa la watu mia tatu ningechukua namba.

Mnunuzi naye ana alama yake ya kujilinda. Ukiombwa nakala ya kitambulisho na dalali au duka la mtandaoni, usiitume ikiwa tupu. Andika juu yake kwa herufi zinazokatiza picha na maandishi jina la anayepewa, sababu na tarehe, funika namba zisizohitajika, halafu ndipo uitume kwa njia iliyosimbwa. Serikali ya Uholanzi imewatengenezea raia wake aplikesheni ya kazi hiyo, KopieID. Kwetu programu yoyote ya kuhariri picha kwenye simu inatosha, mradi herufi zipite juu ya uso na juu ya namba, si kwenye ukingo mweupe unaokatika.